Kile Kinacholia

Kwetu mtu hata kama nyumba inamuungulia, akipiga simu kuomba msaada, kwanza atasalimia. Atasema amahoro, nami nitajibu amahoro, kisha atauliza kama tumeamka vizuri, kama mvua imenyesha huku mjini, kama kazi inaendelea. Nikimuuliza za kwake atajibu kwamba ni nzuri tu, hakuna neno, ila baba watoto ameanguka kutoka juu ya mchikichi na mguu wake unaelekea upande usio wa mguu.

Nilipoanza kazi ya kupokea simu na kutuma gari la wagonjwa, hapa Rumonge, mafunzoni tulifundishwa tusisalimie. Jina la mahali kwanza, kisha mgonjwa, kisha namba ya simu. Nilijaribu kwa moyo wote. Nilikuwa nikiinua tu simu nasema, "Mko wapi?" na upande wa pili kunakuwa kimya, halafu inakatika. Watu walidhani wamempigia mtu mwenye hasira zake. Mzee mmoja wa Magara aliyekuwa amechomwa na mwiba wa samaki aliniambia kwa upole, "Pole, mama, nitapiga tena ukipoa," akakata, akakaa na mkono wake uliovimba akisubiri nipoe.

Basi nikazirudisha salamu, ila nikazipa kazi. Mtu akisema amahoro, namwambia, "Amahoro. Ziwa mnalionaje leo?" Akijibu kwamba limeingia hadi jikoni, najua yuko chini ya barabara, kwenye nyumba ambazo maji yamezifuata mlangoni miaka hii. Akijibu kwamba linang'aa huko mbali, najua yuko mlimani, na gari litamaliza lami halafu litapanda. Nikiuliza habari za mvua najua kama njia inateleza. Nikiuliza habari za mume najua kama kuna mwenye nguvu za kubeba. Salamu za watu wetu zina kila kitu ndani yake, mtu akiwa na masikio ya kuzisikiliza.

Mimi mwenyewe si mtu wa hapa kwa ulimi. Nilizaliwa kambini, upande wa Kigoma, na wazazi wangu waliporudi Burundi nilikuwa msichana mkubwa mwenye Kiswahili cha shule ya Tanzania na Kirundi chenye mashimo. Hadi leo wananiita Mutanzania. Nikisema "tafadhali" dereva wetu anacheka hadi anashika mlango wa gari. Yeye ni mzaliwa wa mtaa wa Waswahili hapahapa Rumonge, Mwislamu wa swala tano, baba wa mabinti, na mtani asiyechoka. "Dada," huniambia, "Kiswahili yako ni ya radio. Mutu akiisikia anangojea habari za michezo."

Nami humjibu kwamba yake ni ya barabarani, ndiyo maana ina matuta. Tumeishi hivyo.

Chumba changu kimeegemea wodi ya wazazi. Kuna meza, simu mbili, na dirisha linalotazama uwanja tunapoegesha gari. Harufu ya mawese huingia kutoka kwa mama wanaokaanga mikate ya asubuhi nje ya lango, na upepo ukigeuka huingia ya dagaa waliotandazwa juani. Katika wodi ile alikuwepo mkunga wetu, mwanamke mnene asiyejua haraka, ambaye nilikuwa nikimwita kupitia ukuta. Nikigonga mara moja anakuja. Nikigonga kwa kiganja chote anakuja na glavu zake.

Mwaka ninaousimulia mafuta yalikuwa yameadimika nchini. Mazutu, yaani dizeli, ilikuwa jambo la kuulizia kama unavyoulizia hali ya mgonjwa. Magari yalilala kwenye foleni za vituo, madereva wakicheza karata kwenye boneti, na wenye pikipiki wakazigeuza kuwa viti vya kukalia. Gari letu la wagonjwa lilipewa kidogo, na kidogo hicho tulikitumia kwa ubahili. Dereva alikuwa akizima injini kwenye miteremko yote, akishuka kama baiskeli. Sisi wawili tulijua kila safari inakula nini, na tulijua kwamba kumpeleka mahali pasipo sahihi hakutakuwa kosa la kurekebishwa kwa kugeuza gari, kwa sababu gari halitakuwa na mafuta ya kugeukia.

Ilikuwa asubuhi baada ya mvua, ziwa limetulia, na milima ya Kongo ng'ambo inaonekana hadi mikunjo yake. Simu ikalia. Nikasikia sauti ya mwanamke mzee, tulivu, ya mtu anayeshika simu kwa mikono miwili.

"Amahoro, mwanangu."

"Amahoro, mama. Mko wazima huko?"

"Tuko bazima. Mvua ilinyesha kwenu?"

"Ilinyesha, mama. Na huko je, njia inapitika?"

"Inapitika, inateleza kidogo. Sasa, mwanangu, muke wa mutoto wangu amezaa. Mutoto mwanamuke, iko muzima. Lakini damu ya mama yake inakuya, haiishe."

Niligonga ukuta kwa kiganja chote. Kazi hii imenifundisha kuogopa vitu vichache, na damu ya mzazi isiyokatika ni cha kwanza. Mtu huyo anaweza kukuaga ukiwa bado unamwambia vumilia.

"Mko wapi, mama?"

"Tuko juu ya Minago."

Kupitia dirishani nilimpungia dereva, nikamwonyesha upande wa Minago kwa mkono. Alikuwa tayari anaifunga chupa yake ya chai. Akawasha gari, akatoka langoni bila kuuliza, maana kati yetu na Minago ni lami tupu na maelezo yangemkuta njiani. Tatizo ni mbele yake. Pale Minago, njia za udongo zinapanda mlimani kutoka kwenye lami moja baada ya nyingine, kila moja na vijiji vyake, na hazikutani tena huko juu. Ukichagua moja umeichagua.

"Juu ya Minago, sehemu gani, mama?"

Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika. Halafu akasema, polepole, "Tuko pale... ku kile kinacholia."

"Nani analia?"

"Hapana mutu. Ku kile kinacholia."

"Mtoto analia?"

"Mutoto alilia muzuri, sasa amenyamaza. Mama yake ndiye halie, halalamike, ndiyo ninaogopa."

"Najua, mama. Lakini hapo mlipo panaitwaje?"

"Si nimekwambia, mwanangu," akasema. "Tuko ku kile kinacholia."

Mkunga alikuwa amefika, ameegemea mlango, glavu mkononi. Nilimweleza kwa maneno mafupi naye akanipa maneno mafupi ya kurudisha. Mama aweke mkono chini ya kitovu cha mzazi, atafute kitu kama mpira, akisugue kwa nguvu bila huruma. Mtoto awekwe kwenye ziwa la mama yake, anyonye. Miguu iinuliwe, mgonjwa afunikwe. Nilimwambia yule mama jambo moja moja, naye kila moja alilijibu "ego", yaani ndiyo, na nilisikia simu ikiwekwa chini, vitenge vikivutwa, mtoto akinung'unika, kisha simu ikiinuliwa tena.

"Ninasugua," akasema. "Ananyonya."

"Endelea, mama, usiache. Kuna mtu mwingine hapo nizungumze naye?"

Hakuwepo. Mwanawe alikuwa amekimbia kutafuta wanaume wa kubeba ingobyi, ile machela ya kusukwa wanayobebea wagonjwa mabegani. Majirani walikuwa mashambani na sokoni. Mgonjwa mwenyewe, alisema, anasikia mbali, yaani anaitwa lakini hajibu vizuri.

Simu ya pili ikalia. Ni dereva.

"Dada, niko Minago. Ninapanda wapi?"

"Anasema wako kwenye kile kinacholia."

"Kinacholia?" Nilimsikia anafikiri. "Eh, basi hiyo ni ku kilio. Hapa ku njia ya kwanza nimeona bamama na vitenge vyao banapanda, kuna mutu amekufa huko juu. Iko hapo karibu na kwenye kunalia. Ninapanda."

"Subiri."

"Dada, huyo mama anatoka damu."

"Subiri, kaka."

"Mazutu iliyo hapa ni ya kupanda mara moja na kushuka. Nikisubiri nifanye nini?"

"Uzime gari usubiri. Ndiyo maana nakuambia."

Alizima. Najua ilivyomuuma, maana yeye si mtu wa kukaa barabarani mikono imekunjwa wakati kuna mtu anamngoja. Aliniamini tu, na mimi wakati ule sikuwa na cha kuaminiwa. Maelezo yake yalikuwa na akili. Mtu akikuambia yuko panapolia, na wewe umewaona kwa macho yako wanawake wakienda msibani, utafikiri nini kingine? Nilikuwa na simu moja sikio la kulia na nyingine sikio la kushoto, na katikati nilikuwa mimi, na niliogopa, sina haya kulisema. Niliona nikimpeleka njia ya kwanza na yule binti akaisha kwenye njia ya pili au ya tatu. Nilimwona yule mama akiendelea kusugua kwa sababu nimemwambia asiache.

Nikamuuliza, "Mama, hapo kwenu kuna msiba?"

"Eka!" Alishtuka kabisa. "Musiba wa nini? Usiuite, mwanangu."

"Basi hicho kinacholia ni nini?"

Akanyamaza tena. Na kimya kile ndicho kilichonishika. Hakikuwa kimya cha mtu asiyejua, wala cha mtu aliyesahau. Kilikuwa kimya cha mtu aliyefika mlangoni mwa neno, akalizunguka. Kimya hicho nilikuwa nimeshakisikia maisha yangu yote ya utotoni, kambini, kutoka kinywani mwa bibi yangu.

Bibi hakuwahi kusema neno "moto". Kila jioni alikuwa anatuita, anakaa kidogo kimya, halafu anasema, "Nileteeni kile... chekundu," nasi watoto, tuliokuwa wajinga na wacheshi, tulimletea kikombe chekundu, nyanya, kanga nyekundu ya mama, chochote. Alicheka na sisi lakini hakulisema. Alikuwa akitutuma kwa jirani tukaombe kaa la moto, na alivumilia ugali wake uchelewe kuliko kulitamka neno lile. Mama ndiye aliyetueleza. Baba mkwe wa bibi aliitwa jina lenye neno la moto ndani yake, na mwanamke aliyelelewa vizuri halitaji jina la mkwe wake, wala neno linalofanana nalo, iwe kwa Kirundi, iwe kwa lugha yoyote iliyo na neno hilo. Mkwe mwenyewe alikuwa amekufa kabla hawajakimbia nchi. Bibi alivuka mto na mpaka, akaacha nyumba, akaacha ng'ombe, lakini lile katazo alilibeba.

Nikamwambia yule mama, taratibu, kama ninavyomwambia mtu asimame juu ya jiwe asiteleze, "Mama, hilo jina la hapo kwenu, ni neno la mkwe?"

Alivuta pumzi. Nyuma yake nilimsikia mtoto akinyonya, mlio ule mdogo wa kumeza.

"Ni baba mukwe," akasema. "Ni zamani amekufa. Lakini mimi nilikuya hapa bibi harusi, sijalisema hata siku moja. Leo nikilisema, na huyu mutoto wa bantu analala mu damu mbele yangu..." Hakumaliza. Niliuelewa mzigo wake vizuri, na kama ningemcheka au kumgombeza nadhani ningestahili kufukuzwa kazi. Yeye hakuwa anaficha anwani. Alikuwa anailinda nyumba yake kwa silaha aliyopewa, siku ambayo nyumba ilihitaji kulindwa kuliko siku zote. Kuvunja mwiko saa ile, kwake, ilikuwa kama kufungua mlango ukijua kilichosimama nje.

"Usiliseme," nikamwambia. "Mimi si mkwe wake. Nitalisema mimi. Wewe niambie tu, kinalia lini?"

"Ku dimanche."

"Siku ya Bwana. Watu wakisikia wanakuja kusali?"

"Ego."

"Ni kengele?"

"Eka, hatuna kengele."

Na hapo nikalijua, kwa sababu najua makanisa madogo ya milimani yasiyo na kengele yanaita watu kwa kitu gani, na kwa sababu neno lenyewe ni moja, la Kirundi na la Kiswahili, yule mama hana pa kulikimbilia katika lugha zetu mbili.

"Mama, ni ngoma?"

Hata mkono wake nadhani uliacha kusugua kidogo. Halafu akasema, na katika sauti ile kulikuwa na kitu kilichoshushwa chini kama mtungi, "Wewe umesema."

"Mimi nimesema. Endelea kusugua, mama."

Nikageukia sikio la pili. "Kaka. Ku Ngoma."

"Ku Ngoma?" Nilisikia ufunguo unazunguka kabla hajamaliza kuuliza. "Ile ya kakanisa ka bati? Eh! Hiyo ni njia ya pili, iko kule nyuma ya mashine ya kukamua mawese! Sasa mbona hakusema?"

"Amesema tangu mwanzo. Ni sisi hatukusikia."

"Ngoma inalia," akasema dereva, kama mtu anayejisomea, "Wallahi ngoma inalia," na nikasikia gari likikata kona.

Sikukata simu ya yule mama mpaka alipoikata mwenyewe. Tuliongea kuhusu mtoto, kama ana nywele, anafanana na nani. Nilimuuliza kila mara mgonjwa amefumbua macho, anajibu, mikono ina joto. Damu imepungua, alisema wakati fulani, lakini si sana. Kisha nikasikia watu, sauti za wanaume wanaohema, mwanawe amefika na wenzake na ingobyi, na mmoja anauliza gari litakuja wapi, na yule mama anajibu kwa sauti ambayo sikumjua nayo, sauti ya jemadari, kwamba washuke sasa hivi, gari iko njiani, Mutanzania wa simu amesema. Hata mlimani, sijui kwa ulimi upi, walikuwa wamenijua ni Mutanzania.

Wakakutana katikati ya mteremko. Dereva alinihadithia baadaye mara nyingi sana, kila mara kwa nyongeza. Alisema wanaume walikuwa wanateremka mbio na ile machela, hatua zao zimekuwa moja, wakiimba ule wimbo wa kubebea wagonjwa, na yule mama mzee nyuma yao, miguu mitupu, mtoto kifuani, hatelezi. Alisema aligeuza gari mahali ambapo hata mbuzi hageuki. Hilo nimelipunguza kidogo akilini mwangu.

Mimi nilibaki na simu. Watu hawajui kwamba sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote: umekwisha kutuma, huna la kufanya, na simu zinaendelea kulia. Mtu wa Muhuta alikuwa na jino linalomuuma. Mwingine alitaka kujua kama daktari wa macho yupo. Niliwajibu wote na salamu zao nikazipokea, ila leo siwezi kukuambia nilisema nini. Nilikuwa nimefunga macho nasikiliza barabara.

Dereva wetu hapigi king'ora mjini, anasema kinawatisha wagonjwa waliomo ndani. Anapiga honi fupi mbili langoni. Nilizisikia. Niliwaona wakimshusha, na niliona mguu wake, mguu wa msichana tu, wenye tope lililokauka, ukining'inia, na sikuona zaidi kwa sababu mkunga alifunga mlango wa wodi. Yule mama mzee alibaki nje, amesimama katikati ya uwanja na mjukuu wake. Hakujua kwamba aliyezungumza naye yuko nyuma ya dirisha lile. Nilitaka kutoka nimwambie, lakini simu haiachwi, ndiyo sheria ya kwanza. Nikamtazama tu, naye alikuwa akitazama mlango.

Tukangoja hivyo, mimi ndani na yeye nje.

Mkunga alikuja mlangoni kwangu akijifuta mikono. Alinitazama, akatazama meza yangu, akasema, "Hujala, wewe."

Ukimfahamu mwanamke yule, utajua kwamba hakuna habari njema kuliko hiyo. Mtu akifa, yeye haulizi watu kama wamekula.

"Yuko vipi?"

"Amefumbua macho. Ameomba chai, na anaitaka na sukari nyingi. Damu imesimama." Akakunja taulo lake. "Yule mama alisugua kweli. Tumbo lote limekuwa jekundu. Bila hivyo gari lingebeba maiti."

Nilisimama. Sikupanga kusimama. Nilipiga kigelegele mle chumbani, kimoja kirefu, cha kambini, cha mama zangu, mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka. Nje yule mama mzee alikisikia. Hakujua kinatoka wapi, lakini anajua kigelegele, hakuna mwanamke wa pwani hii ya ziwa anayehitaji kuelezwa. Akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili na akajibu. Na dereva, aliyekuwa amelala kwenye usukani, akatujibu kwa honi, ndefu, ya kuvunja sheria zote za uwanja wa hospitali. Nililia pia. Nilikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba simu ilipolia nikaipokea kwa kusema, "Amahoro kabisa!" na mtu wa upande wa pili, masikini, akauliza kama amekosea namba.

Tangu siku ile tumebadilika pale ofisini. Mwanamke akipiga na akazunguka neno, hatumkatizi, wala hatumwambii aongee vizuri. Tunamuuliza kama ni neno la mkwe. Wapokeaji simu wapya, vijana wa mjini, huona ni mambo ya kale, hadi siku yao inapofika. Hivi karibuni msichana mmoja tuliyemwajiri alikuja kwangu anahema: kuna mama anasema mumewe ameumia "pale kwa wenye pembe". Nikataka kumwambia, nikajizuia nimwone. Akarudi kwenye simu, akauliza kwa heshima, na punde akaniambia kwa fahari ya mtu aliyevua sangala peke yake, "Ni josho la ng'ombe, dada. Nimelisema mimi." Gari lilikwenda moja kwa moja.

Yule mama alinitafuta. Ilikuwa mtoto ameshaanza kutambaa. Walikuja siku ya soko, yeye na mke wa mwanawe, na chupa ya mawese mekundu ya mwanzo wa msimu, yale yaliyokolea. Alipoingia chumbani alinitazama sana, labda sauti yangu ilimpa picha ya mtu mrefu zaidi. Tukasalimiana kama inavyotakiwa, na safari hii sikuzipa salamu kazi yoyote. Dereva alikuwa amekuja mlangoni kusikiliza, maana hapitwi.

Nikamuuliza, kwa Kirundi changu chenye mashimo, huku kulikataa jina la mkwe kunaitwaje.

"Gutsinda," akasema.

Nilishangaa. Neno hilo nililijua kutoka uwanja wa mpira na siku za matokeo ya mitihani. "Kwani gutsinda si kushinda?"

"Ni kushinda," akasema dereva.

"Ni yote," akasema mama. "Mwanamuke anashinda lile neno. Linakuya mu kinywa, yeye analishinda."

"Sasa siku ile, mama, ulishinda nini, neno au damu?"

Alifikiri kwa uaminifu, hakuharakisha. Kisha akacheka, na meno yake machache yakaonekana yote. "Yote mbili," akasema. "Natsinze yote mbili, mwanangu."

Mke wa mwanawe akasema, "Mimi ningelisema hiyo siku, hata mara kumi. Huyo si mukwe wangu mimi. Lakini nilikuwa nimezimia." Tukacheka sote hadi mkunga akagonga ukuta.

Kumbe mambo hayakuishia hapo. Baba wa mtoto, kwa furaha yake, alikuwa amempa binti yake jina la utani, na jina lenyewe ni lile neno. Mlima mzima unamwita hivyo. Nikamtazama yule mama, nikamwonea huruma na kicheko kinanibana.

"Sasa wewe utamwitaje mjukuu wako?"

"Mimi? Mimi siwezi kumuita." Alimtazama mke wa mwanawe aliyekaa kwenye benchi, mzima, mnene wa mashavu, anafunga kitenge chake. "Lakini mama yake iko. Iko, anamuita."

Mtoto alikuwa ametambaa hadi mlangoni, anavuta kamba za viatu vya dereva. Mama yake akamwita jina lake kwa sauti kubwa, na bibi akaziba masikio kwa mikono miwili, akicheka.